Katibu wa Wizara wa Walthamstow

Kabla ya jina lake kuchapishwa gazetini, Kamande Njoroge alikuwa mtu wa kuagiza glavu. Hiyo si dharau. Katika chuo kikuu kimoja cha London, alikokuwa ameajiriwa kwa miaka mingi, maabara ya udongo haiwezi kufunguliwa bila glavu, na glavu haziji zenyewe. Kamande ndiye aliyeziagiza. Ni yeye pia aliyehakikisha kwamba mitungi ya gesi imefungwa kwa mnyororo ukutani, hadubini zimefunikwa, na wanafunzi hawali mkate juu ya meza za sampuli. Alikuwa na shahada ya uzamifu kuhusu udongo wa mashamba ya chai, na kwa sababu hiyo alipenda kuitwa Daktari. Maprofesa walimwita Kam.

Umbali kati ya Daktari na Kam ndio uliomfanya, kila serikali ya Kenya ilipotangaza nafasi za juu, akae kwenye meza ya jikoni kwake Walthamstow na kutuma maombi. Aliomba ukurugenzi wa taasisi za utafiti. Aliomba uenyekiti wa bodi. Mara moja aliomba ubalozi katika nchi ambayo ilimbidi aitafute kwenye ramani. Mkewe Ann, muuguzi wa wodi ya wazee, aliyachukulia maombi hayo kama wanawake wengine wanavyouchukulia mpira wa waume zao: yanamweka mtu nyumbani na hayamdhuru yeyote.

Safari hii aliomba kuwa Katibu wa Wizara, Idara ya Sayansi, Utafiti na Vyuo Vikuu. Katibu wa Wizara, ambaye kila Mkenya humwita PS, ndiye mwenye wizara hasa. Waziri hukata utepe. PS ndiye anayejua mkasi uliko. Kama ilivyo desturi, majina ya watakaohojiwa yalichapishwa magazetini kwa herufi ndogo, yakajaza kurasa. Palikuwa na maprofesa, wabunge walioanguka, makatibu waliotaka kubaki makatibu, na katikati ya safu, chini ya jina la mchungaji mmoja, palikuwa na Dk. Kamande Njoroge.

Mtu wa taifa jingine angesoma hapo kwamba Kamande ameitwa kwenye mahojiano pamoja na umati. Wakenya wa mashariki mwa London walisoma kwamba wamepata PS.

Wa kwanza kufika alikuwa Bonface, mwenyekiti wa chama cha ustawi cha Wakenya wa Walthamstow, ambaye anauza vifuniko vya simu katika soko la mtaa huo na kusafirisha mizigo kwenda Nairobi. Bonface hakubisha hodi. Alimkuta Kamande jikoni akisugua sufuria ya ugali.

"PS! Weka hiyo sufuria chini."

"Nimebakisha hii moja tu."

"Weka chini, mheshimiwa. Mtu akipita akuone hivyo?"

"Apite wapi, Bonface?" aliuliza Ann. "Hapa ni jikoni kwangu. Na kama unamzuia, sponji ndiyo hiyo."

Bonface alichukua sponji. Kuanzia siku hiyo alijipa kazi ya kumfundisha Kamande ukubwa. Mkubwa habebi begi lake. Mkubwa hali mahindi ya kuchoma hadharani. Zaidi ya yote, mkubwa haingii ukumbini kabla watu hawajaketi na kuchoka. Hilo la mwisho lilimtesa Kamande, kwa sababu maisha yake yote alikuwa amefika mapema. Basi Jumamosi nyingi za mwaka ule, abiria wa basi waliweza kumwona mwanamume wa makamo aliyevaa suti ya kijivu, amesimama kituoni mkabala na ukumbi wa kanisa, mvua ikimnyeshea, akisubiri kuchelewa.

Alipoingia, watu walisimama. Alipelekwa meza ya mbele, yenye kitambaa na maji ya chupa, akaketi kando ya Bonface, na wapiga picha wa simu wakasogea. Ann mara nyingi alifika moja kwa moja kutoka zamu, akiwa bado na viatu vya kazini, akaelekea nyuma kulikokuwa na masufuria, kwa maana wali haujigawi.

Kisha PS alikaribishwa asalimie watu. Alisalimia kwa urefu. Alizungumzia sayansi kama injini ya taifa, na utafiti kama mafuta ya injini hiyo, na vyuo vikuu kama karakana. Watu walipiga makofi kwa heshima ya gari. Waliokuja mezani kwake baadaye walikuwa na haja zilizo wazi zaidi. Mama mmoja wa Murang'a, anayelea wazee wa Kiingereza huko Chingford, alitaka chuo kikuu kijengwe kwao.

"Mnavyo vingapi?" aliuliza Kamande.

"Hata kimoja, mheshimiwa. Wenzetu wa ng'ambo ya mto wana tawi, na wanaturingia."

"Tutaliangalia."

"Usiliangalie tu, mwanangu. Liandike."

Kamande aliliandika kwenye leso ya karatasi. Nyuma ya mama huyo alisimama dereva wa basi aliyetaka kuwa naibu chansela. Kamande alimuuliza ana shahada gani. Mtu yule alijibu kwamba ya kwanza hakuimaliza, lakini uongozi anao. Kamande hakumkatalia. Kabla nyama haijaiva siku hiyo, alikuwa ameahidi vyuo vikuu vitatu na kituo cha kurushia setilaiti, huku maabara aliyokuwa na mamlaka nayo kweli ikiwa imeishiwa glavu za ukubwa wa kati tangu Jumanne.

Yote haya yangekwisha kama yalivyokwisha mambo ya ubalozi, kama si suala la pasipoti.

Katiba ya Kenya haimruhusu afisa mkuu wa serikali kuwa na uraia wa nchi nyingine. Kamande na Ann walikuwa raia wa Uingereza. Waliupata uraia huo kwa njia ambayo kila mhamiaji anaijua: miaka ya kusubiri, mtihani kuhusu wafalme waliokatana vichwa, na asubuhi moja katika ukumbi wa manispaa, ambapo Ann alilia na Kamande akafuta macho akisema ni vumbi. Uraia wa Kenya waliubakiza. Walikuwa, kama Bonface alivyopenda kusema, watu wa milango miwili.

"Sasa huo mlango mmoja ndio utakaokumaliza," Bonface alimwambia Kamande ndani ya kibanda chake cha vifuniko vya simu. "Wenzako waliotajwa pale wana watu. Huyu ana mjomba, yule ana kabila lote. Wewe una nini?"

"Nina uzoefu wa maabara."

"Usinichekeshe, PS, nina wateja. Una pasipoti ya Waingereza, basi. Hicho ndicho kitu pekee ulicho nacho ambacho wao hawana. Itupe. Itupe kabla hawajakuuliza! Wakikuona umeshaitupa, watasema huyu ni mzalendo, huyu amechoma meli, harudi nyuma."

"Nikikosa?"

"Ona sasa. Ona. Hayo ndiyo maneno ya mtu wa milango miwili."

Kamande alirudi nyumbani na wazo hilo kama mtu aliyepewa mbuzi. Ann alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwa kawaida si dalili njema.

"Baba Shiro, wamekuambia uutoe uraia?"

"Hawajaniambia. Nataka niwaonyeshe."

"Wamekuteua?"

"Bado. Lakini ukiangalia hali ilivyo..."

"Mimi naangalia. Naona mtu anavua suruali sokoni kwa sababu amesikia kuna daktari atakayepita mwezi ujao."

Shiro, binti yao, ambaye huelewa kila neno la Kiswahili na kujibu kila neno kwa Kiingereza, aliinua macho kutoka kwenye simu akauliza kama baba yake atahitaji viza kuja kumwona akihitimu. Hakuna aliyecheka, akarudi kwenye simu yake.

Ann alimlazimisha jambo moja tu: amwone wakili kwanza. Wakili huyo ni Reshma, mwanamke mzaliwa wa Nakuru mwenye ofisi Neasden, si mbali na hekalu kubwa la Kihindu, na Kiswahili chake ni kile cha dukani, kisicho na muda wa kupoteza.

"Ngoja nikuelewe, Bwana Kamande. Kazi umepata?"

"Niko kwenye orodha."

"Orodha ya watu wangapi?"

Kamande alieleza kwamba ubora ni muhimu kuliko wingi.

"Sikiliza, ndugu yangu. Sheria yenu inasema ukiteuliwa, utoe. Utapewa nafasi ya kutoa. Ukitoa wakati sheria inakulazimisha, hata kuurudisha baadaye ni rahisi. Ukitoa kwa sababu umejisikia, hapa London utakuwa nani? Siku ile karatasi inapigwa muhuri, wewe ni mtu aliyelala kwa Waingereza bila kibali. Hujui hilo?"

"Kiongozi lazima aonyeshe njia."

"Njia ya kwenda wapi?" Reshma aliuliza, kisha akamtoza nusu ada, kwa kuwa, alisema, hakutaka kula pesa za mgonjwa.

Kamande aliutoa. Alijaza fomu mwenyewe, akatuma mwenyewe, na kwa kuwa mambo ya Kenya yalichelewa kama kawaida yake, uthibitisho wa Waingereza ukafika kabla ya tarehe ya mahojiano. Walimjibu kwa adabu na kwa ufupi. Hawakumuuliza sababu wala hawakumsihi abaki, na inasemekana hilo lilimuuma kidogo.

Bonface alikodi ukumbi kwa ajili ya maombi ya shukrani. Kushukuru kwa kitu ambacho hakijaja ni utamaduni uliokomaa miongoni mwetu, na ulifanywa ipasavyo. Kulikuwa na pilau na kwaya. Kulikuwa na keki yenye umbo la hadubini, ambayo wageni wengi walidhani ni mfereji wa maji. Bonface alishika kipaza sauti akatangaza kwamba ndugu yao, kwa hiari yake, bila kusukumwa na yeyote, ameirudisha pasipoti ya Malkia na ya Mfalme kwa pamoja. Makofi yalikuwa ya dhati. Katika safu ya nyuma, kijana mmoja wa Meru ambaye kesi yake ya ukimbizi ilikuwa ikizunguka kwa miaka alimgeukia jirani yake.

"Kama haitaki si angempa mtu?" alinong'ona. "Hata kwa mkopo."

Ann alisikia, kwa sababu alikuwa karibu yake akigawa kachumbari. Alimwongezea.

Walio ng'ambo waliruhusiwa kuhojiwa kwa mtandao. Kamande alihojiwa sebuleni kwake, bendera ya Kenya ikining'inia kwenye fimbo ya pazia nyuma yake, wanakamati wanne wa chama wakiwa wamejibana kwenye kochi ng'ambo ya kompyuta, nje ya picha, wakiwa wameapishwa wakae kimya. Jopo lilionekana limechoka. Mwenyekiti wake alikuwa akiwahoji watu tangu alfajiri na bado alikuwa na wengine wengi.

Waliuliza atafanyaje na vyuo vikuu vinavyoshindwa kulipa wahadhiri. Kamande alikuwa amejiandaa kwa hadubini. Alisema kwamba kila chuo kinahitaji hadubini za kisasa. Mwenyekiti alirudia swali. Kamande alirudia hadubini, safari hii akiongeza uadilifu, na kutoka kochini mtu mmoja akasema, "Amina!" kwa sauti iliyosikika vizuri kabisa Nairobi.

"Uko na watu hapo, Daktari?"

"Ni televisheni ya jirani."

Kisha likaja swali alilolisubiri kwa miezi: je, ana uraia wa nchi nyingine? Kamande alijiweka sawa kitini. Alisema kwamba alikuwa nao, na kwamba ameuacha, kwa mapenzi ya nchi yake, kabla ya kuombwa.

Wanajopo waliinua vichwa kutoka kwenye karatasi zao. Alidhani ni kwa heshima.

"Haikuwa lazima katika hatua hii," alisema mwenyekiti.

Mwanajopo mwanamke, ambaye hadi hapo alikuwa hajasema neno, alisogea karibu na kamera. "Samahani, Daktari. Hapo ulipo ni wapi?"

"Walthamstow, London."

"Sasa ukikosa hii kazi, hapo utakaa kama nani?"

Kamande alicheka. Kamati ikacheka. Mwanamke yule hakucheka, akaandika kitu, na mtu aliyefuata katika foleni akaitwa.

Uteuzi ulitangazwa wiki kadhaa baadaye. Idara ya Sayansi, Utafiti na Vyuo Vikuu ilikwenda kwa profesa mmoja ambaye hakuna mtu Walthamstow aliyewahi kumtaja, hata kwa ubaya. Profesa huyo alikuwa amefundisha Kanada kwa muda mrefu na alikuwa na pasipoti ya huko. Aliomba apewe muda wa kushughulikia jambo hilo. Akapewa.

Kwa siku chache watu waliendelea kumwita Kamande PS, kwa mazoea, kisha kwa huruma, kisha wakavuka barabara. Mama wa Murang'a alimuuliza kuhusu chuo chake. Dereva wa basi alisimamisha basi lake kituoni, akamwona, akafunga mlango.

Hayo angeyastahimili. Lakini chuo kikuu alichofanyia kazi, kama waajiri wote wa nchi ile, hutakiwa kukagua mara kwa mara kama wafanyakazi wake wana haki ya kufanya kazi. Ofisa wa ajira alimwomba alete pasipoti yake, kama kawaida. Kamande alileta ya Kenya. Ofisa aliigeuza ukurasa kwa ukurasa akitafuta viza, akafika mwisho, akaanza tena mwanzo, kama mtu anayedhani ameruka ukurasa. Kisha akamwomba, kwa upole mkubwa, aache funguo za maabara mezani.

Ndipo Kamande na Ann walipokwenda Neasden pamoja.

Reshma hakusema nilikuambia. Alimwagiza karani alete chai yenye maziwa, akamtazama Kamande mpaka alipomaliza kuinywa.

"Uraia unaweza kuuomba tena. Watakurudishia wakipenda, na watapenda polepole. Kabla ya hapo unahitaji kibali cha kukaa. Huna kazi, huna mwajiri wa kukudhamini. Una nini?"

"Nina shahada ya..."

"Una mke," alisema Reshma. "Mke wako ni raia. Kuanzia leo yeye ndiye nchi yako. Mama Shiro, uko tayari kumdhamini? Utaandika kwamba unamtaka, kwamba utamlisha, kwamba mnaishi pamoja kama mume na mke kweli. Hulazimishwi."

Ann alisema atafikiria. Kamande alimtazama kwa mshangao wa mtu ambaye hakujua kwamba mahojiano yameshaanza.

Ushahidi ulihitajika. Picha za mume na mke pamoja, za miaka ya karibuni, katika sherehe na shughuli za familia. Kamande alikuwa na picha nyingi, na kwa mara ya kwanza katika jambo hilo akaonekana kuwa na uhakika. Alimpa Reshma simu. Reshma alipitisha kidole, huku Kamande akimtajia kila mtu na kazi yake. Kamande na Bonface meza ya mbele. Kamande na Bonface wakikata keki. Kamande akishikwa mkono na Bonface mbele ya kwaya. Katika picha moja, mbali nyuma, palionekana kiwiko cha mwanamke na mwiko.

"Huyu ndiye wewe?" Reshma alimuuliza Ann.

"Ni mimi. Naujua huo mwiko."

"Kwa ushahidi huu, Bwana Kamande, mke wako anauza vifuniko vya simu."

Ann alicheka hadi akafuta machozi. Kamande alitazama dirishani.

Walirudi Walthamstow na karatasi za Reshma, Ann akaziweka kwenye meza ya jikoni pamoja na kalamu, akaanza kupika. Hakusaini siku hiyo, wala siku iliyofuata. Kamande aliosha vyombo. Alifua mapazia. Alikwenda sokoni kwa miguu akabeba viazi mwenyewe, katikati ya watu. Katika nyumba ile hakuwa na hoja yoyote ya kutoa. Angeweza kusema kwamba anampenda mkewe, lakini maneno hayo hayakuwahi kuwa sehemu ya wasifu wake. Mwishowe, Jumapili, Ann akiwa mezani na kalamu mkononi, Kamande alisema kitu kinachokaribiana nayo.

"Mama Shiro, nikirudishwa Nairobi, sina mtu huko."

"Hata hapa huna wengi."

"Hapa nina wewe."

Ann alikuwa bado anaipima sentensi hiyo pale simu ya Kamande ilipolia juu ya meza. Alikuwa Bonface. Ann alibonyeza kipaza sauti.

"PS! Umeona gazeti la leo? Wanatafuta mwenyekiti wa mfuko wa taifa wa utafiti. Na sikiliza hii: hawataki mtu wa uraia mbili. Ndugu yangu, London nzima ni wewe peke yako umebaki msafi! Hawa wengine wote wana pasipoti! Mungu alikuwa anakuandaa! Lakini usianze mambo ya viza za mke, hiyo itakuonyesha una moyo wa huku. PS? Uko hapo?"

Kamande alinyoosha mkono kuelekea simu. Huenda alitaka kuizima. Ann hakusubiri kujua.

"Bonface, yuko hapa," alisema. "Lakini kwa sasa ana ombi moja mbele yangu na halijajibiwa. Likijibiwa atakupigia mwenyewe. Salimia watu."

Akakata. Mkono wa Kamande ulikuwa bado hewani. Aliurudisha pajani.

"Ulikuwa unaichukua ya nini?" Ann aliuliza.

"Nizime."

"Kweli?"

Kamande alifungua mdomo, akafikiria, na kwa mara ya kwanza katika mahojiano yote aliyowahi kufanya alitoa jibu fupi.

"Sijui."

Ann aliinamia karatasi. Kisha akasaini chini ya neno mdhamini, akavuta karatasi ya pili, akaigeuza upande wa mumewe, na kuweka kidole kwenye mstari wa mwenzi anayetegemea. Kamande akasaini alipoonyeshwa.